Nyota zinaingia oveni na pembe tano, zinatoka mawingu: nakosea wapi?

*Shikamoo mama. Mtoto wa dada yangu anatimiza miaka 5 Jumamosi ijayo, nami nimejitia kumuahidi biskuti za nyota, mioyo na vipepeo zenye aisingi (sukari ya kupambia) ya rangi. Nimeshajaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilichapa majarini na sukari kwa mashine dakika 10 mpaka ikawa nyeupe, kama nilivyozoea kwenye keki. Nikatia yai, unga vikombe 3 na kijiko cha chai kimoja cha bekingi pauda, nikasukuma, nikakata, nikaoka papo hapo. Nyota zikatoka kama mawingu. Mara ya pili nikaongeza unga mpaka donge likakaza. Umbo lilikaa kiasi, lakini biskuti zikawa ngumu kama vigae. Aisingi nayo ilimwagika pembeni, na kesho yake ikawa na madoa kama ya mafuta. Nakosea wapi? Na je, donge naweza kulitengeneza mapema? Ijumaa natoka kazini jioni.*

Marahaba, mwanangu. Mkono wako ni mzuri, na ndio uliokuponza: uliandaa keki, ukaikata kwa umbo la nyota.

Tazama ulivyoandika. Kuchapa dakika 10, bekingi pauda kijiko kizima, kutoka bakulini moja kwa moja hadi ovenini. Yote hayo ni adabu njema ya keki, kwa kuwa keki tunaitaka ipande, itanuke, ijae hewa. Biskuti ya umbo tunaitaka ikae pale pale tulipoiweka. Ukishika hilo, mengine yote nitakayokueleza utayaona yanatoka humo.

Kwanza nikuonyeshe kinachotokea mle ndani. Siku moja oka biskuti moja tu, washa taa ya oveni, kaa mbele ya kioo. Dakika ya kwanza huoni kitu. Kuelekea ya tatu uso wa biskuti unaanza kung'aa kama umepakwa mafuta: siagi inayeyuka. Pembe za nyota zinalegea kabla ya tumbo, maana ni nyembamba na joto linaziingia kutoka kila upande. Baada ya hapo unaweza kuona ukingo ukiteleza polepole kwenye karatasi, halafu ghafla unasimama, na mng'ao unafifia kuanzia pembeni kuja katikati. Huo ukingo uliosimama ndio umbo lako la mwisho. Lililokwisha kuteleza halirudi.

Ni mbio, basi. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, joto la chini kuliko la mwili wako, ndiyo maana huyeyuka ulimini. Yai halianzi kuganda mpaka joto lipite nyuzi 60. Katikati ya hapo biskuti haina kitu cha kuishika ila unga peke yake. Kazi yetu nzima ni kukifupisha kipindi hicho: biskuti iingie ikiwa baridi kabisa, oveni iwe moto kweli, na ndani ya donge pasiwe na kitu kinachosukuma kwenda nje.

Wewe uliweka visukumaji viwili. Cha kwanza hewa. Chembe za sukari zinapopita kwenye siagi laini hutoboa vishimo vidogo vidogo vya hewa, na kadiri unavyochapa ndivyo vinavyoongezeka. Weupe ule ulioufurahia ni hewa. Ikipata joto inatanuka, biskuti inavimba, siagi iliyoizunguka imeshayeyuka, basi inaporomoka na kutandaa. Cha pili ni bekingi pauda, ambayo hutoa gesi na kufanya kazi ile ile. Mimi kwenye biskuti za umbo siweki hata chembe. Wapo waokaji wazuri wanaoweka robo ya kijiko cha chai wakisema biskuti bila hiyo ni kavu, na siwezi kuwagombeza, biskuti zao nimekula. Ila ulaini nautafuta kwingine: kwenye unene, kwenye siagi ya kutosha, na kwenye kuitoa biskuti mapema. Kijiko kizima kwa vikombe 3 vya unga ni kingi kwa umbo linalotakiwa litulie.

Halafu majarini. Siagi halisi huwa na mafuta asilimia 80 au zaidi kidogo, na maji kama asilimia 16. Majarini za kuokea, zile ngumu za kipande, ziko karibu na hapo, na biskuti zinatoka vizuri ingawa ladha inapungua. Zile laini za kupaka mkate, zinazochoteka kwa kisu hata zikitoka kwenye friji, nyingi mafuta yake ni machache na maji ni mengi. Maji hayo yanalegeza donge, na joto likiyageuza mvuke yanasukuma pia. Geuza kopo, soma asilimia ya mafuta. Ikiwa chini ya 70, ibaki ya mkate.

Vikombe navyo vina lawama. Unga uliochotwa kwa kukididimiza kikombe ndani ya pakiti unaweza kuzidi gramu 150. Ukimiminwa kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu unakuwa kama 120. Kwa vikombe 3 tofauti inafika gramu 90, na gramu 90 ni umbali kati ya mawingu na vigae. Huenda siku zako mbili hazikupishana kwa unga uliodhani umeongeza tu. Tafuta mizani. Kama kuna kifaa kimoja cha kununua kabla ya Jumamosi, ni hicho, kabla hata ya kikatio cha kipepeo.

Haya, vipimo vyangu. Siagi isiyo na chumvi gramu 225. Sukari gramu 200, ile yenye chembe ndogo. Kama yako ina chembe kubwa isage kidogo kwenye blenda, la sivyo utaziona zikimetameta juu ya biskuti kama mchanga. Yai moja kubwa. Vanila vijiko 2 vya chai. Chumvi nusu kijiko cha chai, na usiiache, bila chumvi biskuti hii ina utamu bubu. Kama siagi uliyopata ina chumvi tayari, hapo ndipo uiache. Unga mweupe wa kawaida wa ngano gramu 400, usiwe ule unaouzwa ukiwa umeshachanganywa na bekingi pauda. Ukisukuma kwa unene wa milimita 6 na kukata kwa kikatio cha sentimita 7, utapata biskuti kama 30.

Siagi iwe imetoka kwenye friji muda kidogo, ya kubonyea kidole kikaacha alama bila kuzama, yaani nyuzi 18 hadi 20. Ikiwa inang'aa na kuteleza imepitiliza, irudishe. Ichanganye na sukari kwa mashine ya mwendo mdogo, au kwa mwiko, dakika moja na nusu tu. Unatafuta mchanganyiko ulioshikana, rangi bado ya siagi, na ukisugua kati ya vidole unasikia mchanga wa sukari. Moyo utakwambia endelea. Usiusikilize. Tia yai, vanila na chumvi, changanya mpaka vimezwe; vanila naitia hapo pamoja na siagi kwa kuwa mafuta hushika harufu. Mwisho unga, kwa mafungu mawili, na unapoona ukavu umetoweka simama. Donge litaonekana kama limekatikakatika. Libane kwa viganja mara tatu nne litashikana. Usilikande kama la mkate.

Hapo kwenye kukanda ndipo siri ya vigae vyako ilipo. Unga wa ngano ukipata maji na kusuguliwa hujenga gluteni, nyuzi zinazovutika, ambazo kwenye mkate tunazitafuta kwa jasho. Kwenye biskuti zinafanya mambo mawili mabaya: zinaikaza, na zinavuta umbo lirudi nyuma, duara likatoka yai. Siagi huzuia hilo kwa kuuvika unga mafuta usipate maji vizuri. Siku ya pili uliongeza unga, maana yake siagi ikawa haitoshi kuuvika wote, kisha bila shaka ukaumwagia mwingine mezani donge lisinate, ukakusanya mabaki ukakanda upya, ukanyunyiza tena. Biskuti za mwisho za siku hiyo naweza kuziona kutoka hapa nilipo.

Sasa jambo ambalo lingekuokoa hata kama ungekosea yote yaliyotangulia. Maelekezo mengi husema funga donge, liweke kwenye friji saa moja au mbili, kisha lisukume. Nimefanya hivyo kwa miaka, nikitoa jiwe kwenye friji na kuning'inia juu ya kifimbo cha kusukumia kwa uzito wangu wote, huku kingo zikipasuka kama ardhi ya kiangazi. Ukilisubiri lilainike, ubaridi ulioutafuta umekwenda. Geuza mpangilio: sukuma kwanza, poza baadaye.

Donge likiwa bichi na laini ligawe mara mbili. Fungu moja liweke kati ya karatasi mbili za kuokea, libonyeze kwa kiganja liwe bapa, kisha lisukume kuanzia katikati kwenda nje, ukigeuza karatasi robo duara kila baada ya misukumo miwili. Kwa unene wa milimita 6 litakupa shuka la karibu sentimita 25 kwa 25. Ili unene uwe mmoja, laza vijiti viwili vinavyolingana kulia na kushoto kwa donge na kifimbo kipite juu yake. Penseli mbili za kawaida zina unene wa kama milimita 7, zinafaa kabisa. Usinidharau kwa hilo. Shuka lenye upande mnene na upande mwembamba litakupa biskuti mbichi na iliyoungua kwenye trei moja. Karatasi ikijikunja na kuchora mistari kwenye donge, ibandue, inyooshe, irudishe. Unga wa kunyunyiza huhitaji kabisa, kwa hiyo biskuti ya mwisho itakuwa laini sawa na ya kwanza.

Mashuka yote mawili, na karatasi zake, yaweke kwenye friji yakiwa yamelala juu ya trei au ubao. Dakika 45 zinatosha kwa kuwa ni membamba. Ukilishika linatakiwa liwe kama kadi ngumu: liinue kwa upande mmoja, lisikunjike.

Kabla ya kukata, bandua karatasi ya juu, irudishe kwa ulegevu, pindua shuka zima, bandua iliyokuwa chini. Sasa pande zote mbili zimeachia, na biskuti hazitanata utakapoziinua. Kata kwa kubonyeza wima. Wengi huzungusha kikatio kidogo ili kiachie. Mzunguko huo unaburuta ukingo na kuuharibu. Kama kinanata kichovye kwenye unga, ukung'ute. Kata kwa kubanana, nyota ikiingiza pembe kwenye nafasi ya jirani yake. Mabaki yapange ubavu kwa ubavu kama vipande vya kioo kilichovunjika, uyabane pamoja bila kuyafinyanga kuwa mpira, sukuma kati ya karatasi, rudisha kwenye friji. Mara mbili tu. Baada ya hapo yaoke hivyo hivyo yalivyo, ni haki ya mpishi.

Kipepeo ni umbo gumu kwa anayeanza, nikuambie ukweli. Papasi zake, zile pembe mbili za kichwani, ni nyembamba, zinakatika mkononi na kuungua ovenini kabla mabawa hayajaiva. Kama kikatio chako kina papasi, zikate, kisha uzichore kwa aisingi. Moyo ndio rafiki kuliko wote. Na usichanganye makubwa na madogo kwenye trei moja.

Zilizokatwa zihamishie kwenye trei yenye karatasi mpya, uache sentimita 2 au 3 kati yake. Usipake trei mafuta. Mafuta ni utelezi, unaipa biskuti njia ya kukimbilia. Kisha trei nzima iingie friza dakika 15, au friji dakika 30 kama friza haina nafasi. Najua umeshapoza. Poza tena, maana joto la vidole vyako na la jiko limeshaharibu sehemu ya kazi. Na trei iliyotoka ovenini isipokee biskuti mbichi ikiwa bado moto: siagi itaanza kuyeyuka kwa chini kabla hujafunga mlango. Ipoze kwa maji, ifute ikauke.

Oveni iwashe dakika 20 kabla, nyuzi 180, au 160 kama ina feni. Ya chini kuliko hapo unairefushia siagi muda wa kukimbia. Tatizo ni kwamba kitufe cha oveni ni muongo. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani ndiyo dawa, lakini kama huna, tumia sukari. Sukari nyeupe huyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko chake kwenye kipande cha foili, tega oveni 180, subiri dakika 15: isiyeyuke. Pandisha hadi 190, dakika 15 nyingine, ukitumia sukari mpya: ianze kuyeyuka. Ikiyeyuka kwenye 180 ya kitufe, oveni yako ni kali kuliko inavyosema. Isipoyeyuka hata kwenye 190, ni baridi, na huenda ndiyo iliyokuwa inakumalizia nyota zako siku zote hizi.

Kabla ya trei nzima, oka biskuti moja. Moja tu, katikati ya trei. Dakika 10 hizo ndizo zitakazokuokoa. Ikitandaa, jua bado unaweza kufanya kitu: rudisha zilizobaki kwenye friza muda mrefu zaidi, pandisha moto kidogo, na likishindikana kabisa, rudi kwenye donge uongeze unga kijiko kikubwa kimoja. Ikitoka sawa, ile mwenyewe, ni yako.

Muda ni dakika 9 hadi 12. Saa usiiamini sana, amini uso wa biskuti. Ule mng'ao niliokueleza ukishatoweka mpaka katikati, na ukingo umeanza tu kugeuka rangi ya mbegu ya ufuta, toa. Ukiigusa katikati itabonyea, nawe utaogopa kwamba ni mbichi. Haijabaki mbichi, inamalizikia kwenye trei kwa joto lake. Iache hapo dakika 5, ndipo uihamishe. Ukisubiri iwe ngumu ikiwa ndani ya oveni, ikipoa itakuwa kile kigae. Na ikiwa trei yako ni nyeusi punguza dakika moja, inavuta joto kuliko nyeupe.

Sasa madoa ya mafuta, ambayo yana historia na mimi. Nilipokuwa naanza nilipewa kazi ya biskuti 120 za arusi, mioyo myeupe. Nilizioka usiku, nikaona muda hautoshi, nikaanza kuzipamba zikiwa na uvuguvugu kidogo tu, uvuguvugu wa kikombe cha chai kilichosahauliwa. Zililala nyeupe kama theluji. Asubuhi nikakuta mabaka ya manjano-kijivu kwenye karibu kila moyo, kama karatasi iliyofungia vitumbua. Biskuti yenye joto siagi yake bado ina umajimaji, na aisingi kavu ya sukari inaifyonza kama chaki. Doa likishatoka halifutiki. Yale nililazimika kuyafunika kwa maua, moja moja, mpaka saa tano. Kwa hiyo: biskuti ipoe kabisa, saa moja angalau baada ya kutoka kwenye trei, na bora zaidi ilale usiku mzima. Aisingi yenye maji mengi na biskuti iliyotolewa mbichi huleta madoa hayo hayo.

Aisingi inayokauka ikawa ngumu hupigwa kwa ute wa yai. Sukari ya unga gramu 450, ichekeche, tundu la mdomo wa kupambia huzibwa na bonge moja tu. Ute gramu 90, ambao ni kama wa mayai 3. Maji ya limau kijiko cha chai kimoja, yanausaidia ute kusimama. Ute mbichi wa yai unaweza kubeba salmonela, vijidudu vinavyoharisha, na wewe unalisha watoto, basi tafuta ute uliopashwa moto kiwandani unaouzwa kwenye chupa, au ute wa unga uchanganye na maji kama pakiti inavyosema. Bakuli lisiwe na hata tone la mafuta, na kiini kisiingie, la sivyo haisimami. Piga kwa mwendo wa chini hadi wa kati dakika 5 au 6 mpaka ukiinua kichapio kilele kisimame, ncha ikijikunja kidogo.

Hiyo ndiyo ya kuchorea mpaka wa nje. Ya kujazia ndani lazima ilegezwe, na hapo ndipo yako ilipomwagika. Chota unayohitaji kwenye bakuli dogo, ongeza maji nusu kijiko cha chai kwa wakati mmoja, koroga kwa kijiko bila kupiga, halafu pitisha kisu katikati, kata mstari hadi chini, uhesabu. Mstari ukifutika kati ya sekunde 12 na 15, iko sawa. Ukifutika kabla ya 10, itaruka ukuta. Iongeze ile nzito. Ukifika 20 bado upo, haitajilaza yenyewe, utaacha mabonde. Hilo la kuhesabu ndilo lililonifundisha aisingi, kuliko maelekezo yote ya "isiwe nzito wala nyepesi" niliyosoma.

Chora mpaka milimita 2 ndani ya ukingo, subiri dakika 10 ushike, jaza katikati, kisha kwa kijiti cha meno iburute aisingi hadi kwenye pembe za nyota na utoboe mapovu. Rangi tumia ya jeli, ya maji inailegeza. Ifanye hafifu kuliko unavyotaka, inakoza ikikauka. Bakuli ambalo hulitumii lifunike kwa kitambaa kibichi, kwa kuwa aisingi hii hufanya ukoko kwa dakika chache, na ukoko ukiingia kwenye mfuko utajuta. Kukauka kabisa ni saa 8 hadi 12, zikiwa wazi, hazijapandana. Feni ya mezani ikizipulizia kwa upole zinakauka upesi na kubaki na mng'ao. Friji usiziweke, unyevu utazirudisha mwanzo.

Kama mfuko wa kupambia unakutisha, kata ncha ya mfuko mdogo wa plastiki safi, tundu la unene wa kijiti cha kiberiti. Nimepamba hivyo miaka mingi kabla sijanunua midomo ya chuma.

Uliuliza kuhusu mapema. Ndiyo, na tena inafaa, maana donge lililolala unga wake umekunywa unyevu wote na linakatika safi. Mashuka yaliyosukumwa hukaa friji siku 2 au 3 yakiwa yamefungwa vizuri, na friza hata miezi 2. Biskuti zilizookwa zisizopambwa hukaa kwenye kopo lisilopitisha hewa wiki nzima bila tatizo. Kwa hiyo usiisubiri Ijumaa. Jumanne usiku changanya na usukume, ni nusu saa, ziweke kwenye friji. Jumatano ukitoka kazini kata, poza, oka. Alhamisi jioni pamba, ziache mezani usiku kucha zimefunikwa na wavu, mbali na paka. Ijumaa zimeshakauka, unazipanga kwenye kopo, karatasi kati ya tabaka na tabaka. Ile biskuti moja ya majaribio usimpe mtu, kula wewe umesimama hapo jikoni ikiwa bado na joto.